Eti "Mama, huo ni uzee"! Huyu daktari anatuonaje?

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Mji mzima daktari ni yeye, akichukua likizo wote tunageuka waganga.

Nimempeleka mama. Kikohozi kikavu, usiku halali, sisi hatulali, hadi majirani wameanza kukohoa. Bwana mkubwa macho kwenye simu, kidole kinapanda kinashuka. Hakumsikiliza kifua. Hakuuliza anatumia dawa gani. Akatamka tu, "Mama, huo ni uzee." Uzee! Tangu lini uzee ukawa ugonjwa wa kifua?

Na dawa za presha kamwandikia yeye mwenyewe! Kumkumbusha, ananijibu ana wagonjwa wengi, hawezi kumkumbuka kila mtu. Faili liko chini ya kiwiko chake, hajalifungua! Nataka daktari wa familia, anayejua huyu mama anameza nini na alianza lini kukohoa. Mtu mzima aliyetulea anaambiwa "huo ni uzee", na simu haijawekwa chini!

Mzee wa Kona: Mleta mada punguza povu. Kwani bi mkubwa ana miaka mingapi?

Mleta mada: Miaka inahusu nini? HAJAMGUSA!

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Hiyo dawa ni enalapril? Hizo zinazoishia na "pril" huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, wengine hata miezi baada ya kuanza. Asiache mwenyewe, presha itapanda. Mrudishe abadilishiwe, wengi hupewa losartan. Kikohozi huisha taratibu, wiki kadhaa.

Mleta mada: NI HIYOHIYO, boksi ninalo mkononi! Uzee kumbe unauzwa kwenye boksi! Na mnaniambia nimrudishe kwa yuleyule?

Mzee wa Kona: Sasa utampeleka kwa nani, kwangu?

Kidole Kimoja: Heri mama kaambiwa uzee. Mimi kaniambia "unawaza sana", kumbe mawe kwenye nyongo.

Dada wa Juu: Afadhali mawe. Yule wa meno kaning'oa jino zima, bovu kaliacha.

Kidole Kimoja: Wa meno yupi, mwenye redio?

Dada wa Juu: Huyohuyo! Napiga kelele, anaongeza sauti!

Mzee wa Kona: Hiyo redio tuifungulie uzi wake.