Mkaguzi wa nyama akiambukizwa na nguruwe, nani alipe?

Kisu_Butu: Wakuu, mchinjaji akijikata anashonwa na jina lake linaandikwa kwenye daftari la ajali. Mkaguzi apasuaye tezi za nguruwe kutwa nzima akipata homa wiki mbili baadaye, anaambiwa ni malaria tu. Nasema mwajiri alazimishwe kumhesabu kama aliyeumia kazini. Mnaonaje?

Mama_Maabara: Naunga mkono. Streptokokasi ya nguruwe, bakteria anayeishi kwa nguruwe, hupita kwenye mchubuko mdogo wa mkono, ikifika kwenye utando wa ubongo hata ukipona unaweza kubaki kiziwi. Sichuan, China, 2005 iliua watu karibu 40, wengi wao waliochinja au kushika nguruwe wagonjwa. Mkaguzi apimwe damu siku anapoajiriwa, sampuli itunzwe. Akiugua, kuna cha kulinganisha.

Mtu_wa_Ngombe: Waanze kuvaa glovu kwanza. Wakaguzi niliowaona mimi wanazivua wabonyeze simu, halafu wanataka fidia.

Mstaafu_wa_Kisu: Wewe kijana umekagua nguruwe wangapi? Mimi miaka 26. Glovu ya mpira haizuii kisu. Ya chuma inazuia kisu, damu inapita kwenye matundu. Ukivaa zote mbili, vidole havisikii tena uvimbe ulio ndani ya tezi, na hicho ndicho unacholipwa kukitafuta. Na simu sijawahi kuingia nayo ndani.

Mtu_wa_Ngombe: Mzee wangu, sikukutaja. Mbona unajishtukia?

Mstaafu_wa_Kisu: Umesema "wakaguzi". Mimi ni nani, mpishi?

Namba_Tu: Hizi kelele za glovu za nini? Umoja wa Ulaya tangu 2014 nguruwe anakaguliwa kwa macho, kisu kinatoka pakitiliwa shaka tu. Walisema kukata na kupapasa kunahamisha vijidudu toka mzoga mmoja hadi mwingine. Mkono usipogusa, umekingika.

Mstaafu_wa_Kisu: Na pua? Machinjio moja Marekani, 2007, walikuwa wanatoa ubongo wa nguruwe kwa kupuliza hewa ya mgandamizo. Watu wakaanza kufa ganzi miguu. Hawakuwa na kijidudu chochote. Walivuta ule ukungu wa ubongo, kinga ya mwili ikaukataa, ikageukia neva zao wenyewe. Walioathirika zaidi walisimama karibu na meza ya vichwa. Hapo macho yangesaidia nini?

Mtu_wa_Ngombe: Hao walikuwa vibarua, siyo wakaguzi.

Mstaafu_wa_Kisu: Kumbe mkaguzi anavuta hewa yake peke yake. Asante kwa somo.

Chupa_ya_Maji: Mimi naogopa hii homa ya nguruwe ya Afrika. Baba anarudi nayo kwenye gambuti, watoto wanaugua.

Mama_Maabara: Dada, hiyo haimpati binadamu. Gambuti zitaipeleka kwenye zizi la jirani, siyo kwa watoto.

Chupa_ya_Maji: Na 2009 watu walikufa na nini? Halafu mimi siyo dada.

Mama_Maabara: Samahani kaka. 2009 ni mafua ya nguruwe, H1N1. Kirusi kingine kabisa, na kilisambazwa na watu kwa watu.

Chupa_ya_Maji: Sasa mnayapa majina yanayofanana halafu mnatucheka.

Mama_Maabara: Nani amecheka?

Namba_Tu: Mimi nimecheka. Ila turudi. Kirusi cha Nipah, Singapore, 1999: wafanyakazi wa machinjio 11 waliugua, mmoja akafa. Nguruwe walitoka Malaysia, ambako walikufa zaidi ya watu 100. Kirusi huwezi kukiona kwenye mzoga, uwe na kisu au macho ya tai.

Kisu_Butu: Ndiyo maana nimeuliza kuhusu malipo na vipimo, siyo kisu. Hoja ya Mama_Maabara ya damu ya siku ya kwanza mbona hakuna aliyeigusa?

Gamba_la_Pili: Naigusa. Sampuli ikionyesha ulishawahi kuambukizwa mahali pengine, hupati kazi. Na ukiugua baadaye wanakwambia ulikuja nayo. Hilo jokofu la sampuli ufunguo anashika nani?

Mama_Maabara: Maabara isiyo ya mwajiri.

Gamba_la_Pili: Inayolipwa na nani?

Mtu_wa_Ngombe: Mzee akilipa za kwake, mimi nanunua glovu.

Mstaafu_wa_Kisu: Nunua. Na uje nazo saa kumi alfajiri, nikuonyeshe tezi ya taya iko wapi. Simu uiache nyumbani.