Muda wa kusomea CPA, cheti cha uhasibu, naupata wapi?

Dada wa Kimara: Wakuu, habari za usiku. Natoka kazini Kariakoo saa kumi na moja jioni, foleni ya mwendokasi inanifikisha nyumbani saa mbili kasoro. Nikishapika na kumlaza mtoto, nafungua kitabu cha kodi na usingizi huo. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Novemba, na hii CPA naitaka kwa moyo wangu wote. Mnaosoma huku mnafanya kazi, mnafanyaje?

Mhasibu Mstaafu: Mwanangu, usiku uache. Lala saa tatu na nusu, amka saa kumi alfajiri mtoto akiwa bado amelala. Mimi daftari na kikokotoo nilikuwa naviacha mezani tangu usiku, ukurasa uko wazi kwenye swali ambalo sijalimaliza. Ukikaa tu kazi imeanza, huna cha kutafuta. Na ufanye maswali! Kodi ya ongezeko la thamani haiingii kichwani kwa kupigia mistari, inaingia kwa kukokotoa.

Kijana wa Mbezi: Simu ichajie sebuleni, dada. Ikilala kitandani alfajiri yote imeliwa.

Mama Watatu: Pole mwaya. Ongea na baba mtoto, siku mbili tatu kwa wiki apike yeye. Hilo ndilo kubwa kuliko ratiba yoyote.

Dada wa Kimara: Mzee, shikamoo na asante. Baba mtoto yuko safari, ila mdogo wangu amekubali kupika Jumanne na Alhamisi. Kengele nimeshatega, kesho naanza na kodi ya zuio.