Eti sinema imekufa? Nakataa, njooni tubishane

Wadau, kila baada ya miezi miwili mitatu lazima aibuke mtu na ule wimbo wake wa siku hizi hamna muvi, sinema imekufa, kimebaki kuangalia stelingi anapaa angani na kubomoa majengo. Nimeuchoka huo wimbo. Mimi nasema sinema ya sasa iko hai, tena ina afya kuliko zama nyingi mnazozililia, na anayepinga aje ila aje na muvi mkononi, asije na hasira tupu.

Kwanza huyu marehemu mbona kazikwa mara nyingi hivyo? Sauti ilipoingia 1927 wapo walioapa kwamba sanaa ndo basi tena, ikaja televisheni ikawa hivyo hivyo, halafu mwaka 1982 Jack Valenti, aliyekuwa bosi wa chama cha mastudio ya Marekani, akaenda mbele ya wabunge wao akaifananisha deki ya video na yule muuaji aliyekuwa akinyonga wanawake Boston. Mnajua kilichofuata? Mastudio hayo hayo yakaja kula hela ndefu kwenye mikanda ya video. 1996 Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, na huyu mama namheshimu kwelikweli, akaandika kwenye New York Times kwamba sinema inaoza. Haya, 2000 ikatoka In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, 2001 Mulholland Drive ya David Lynch, na wahakiki wa jarida la sinema la Sight and Sound walipopiga kura 2022 kuchagua muvi bora za wakati wote ya kwanza ikashika nafasi ya 5 na ya pili nafasi ya 8. Yaani maiti kainuka kaenda kukaa kumi bora.

Mnachokosea ni hiki, mnachukua bango la wiki hii mnalipambanisha na muvi za miaka ya 70 ambazo tayari zimepita kwenye chujio la miaka hamsini. Takataka za 1974 zilikuwepo, tena kibao, ila nani anazikumbuka? Za leo bado hazijachujwa ndo maana zinawajaa machoni.

Najua mtaniletea Martin Scorsese, yule mwongozaji mkongwe wa Marekani, kwamba 2019 alisema muvi za Marvel, zile za mashujaa wanaopaa, sio sinema, ni kama viwanja vya mabembea. Sawa, alisema, ila alikuwa anaongelea aina moja ya muvi, na mwaka huo huo yeye mwenyewe katoa The Irishman, muvi ya saa tatu na nusu, na mwaka huo huo Parasite ya Bong Joon-ho ikabeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, kufika Februari 2020 ikawa muvi ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora. Sasa hapo kilichokufa ni nini jamani?

Halafu hebu kaa na The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, 2023. Familia ya kamanda wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, inaishi kwenye nyumba nzuri, bustani, kibwawa cha watoto, na ukuta mmoja tu ndo unawatenga na kambi. Hakuna mahali unaonyeshwa mtu anauawa. Kamera zilifichwa ndani ya nyumba, waigizaji wakaachwa wanazurura humo bila watu wa kamera kuwasimamia, na wewe unachopata ni sauti, risasi kwa mbali, mbwa, mtu anapiga kelele, mngurumo usiokatika, huku mama kambeba mtoto anamnusisha maua. Jicho lako liko bustanini, sikio lako liko ng'ambo ya ukuta. Ikapewa Oscar ya sauti, na hata hizo za sauti wangeipa mbili nisingelalamika. Mtu nitajie muvi ya hizo zama za dhahabu iliyowahi kutumia sauti kwa namna hiyo, mimi nakaa nasubiri.

Kumbi za sinema sibishi, hapo mna hoja. 2019 kumbi za dunia nzima ziliingiza kama dola bilioni 42, corona ikapita, 2023 zikaingiza kama bilioni 34, hazijarudi pale. Lakini hiyo ni biashara ya viti bana, na hata huko kwenye viti Oppenheimer, saa tatu za wanaume kuongea vyumbani, ilikaribia dola bilioni moja. Saa nyingine kilichoshuka ni sisi watazamaji. Mimi nilianza kuangalia Drive My Car, muvi ya Kijapani, kwenye simu, na majina ya waigizaji kwenye ile muvi yanatokea baada ya kama dakika 40 hivi, nikadhani nimebonyeza vibaya nikarudisha nyuma, kumbe muvi iko sawa, kichwa changu ndo kimezoea video za sekunde thelathini. Nikairudia usiku, simu nimeitupa chumba kingine. Nikalia.

Na msiniambie hela ndo inaua. Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, paka tu na wanyama wenzie, hakuna neno hata moja linaloongelewa, imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo hata wewe unaidaunlodi bure, na 2025 ikayapiga chini mastudio makubwa ya Pixar na DreamWorks kwenye Oscar ya animesheni. Mwongozaji Jafar Panahi naye alipigwa marufuku kwao Iran 2010 asitengeneze filamu miaka 20, akajirekodi nyumbani kwake, filamu hiyo ikaingia Cannes 2011 kwenye flashi iliyofichwa ndani ya keki, na 2025 Palme d'Or akaichukua mwenyewe.

Haya, wazee wa sinema imekufa, uwanja wenu. Ila anza kwa kutaja muvi tatu ulizoona mwaka huu hadi mwisho, trela hazihesabiwi.