Taa ya betri haizimiki: ninunue betri, nitengeneze alternata au nitafute ya mtumba?

Mdau wa Tabata
Wakuu, habari za kazi. Nina Toyota IST, injini 1NZ. Tangu wiki iliyopita taa nyekundu ya betri haizimiki hata gari likishawaka. Usiku kwenye foleni ya Mandela, nikiwasha AC, taa za mbele zinafifia. Fundi wa kwanza kaniambia betri imechoka. Wa pili anasema alternata, yaani ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, imekufa, niende maduka ya vipuri ya Gerezani nichukue ya mtumba. Wa tatu anataka aifungue aitengeneze. Hela niliyonayo inatosha jambo moja. Mngeanzia wapi?

Umeme Buguruni
Mkuu, betri iache kwanza. Taa ile imechorwa betri, ila kinacholalamikiwa ni chaji. Betri iliyochoka itakugomea asubuhi, lakini gari likishawaka na alternata ni nzima, taa inazima.

Azima mita ya kupimia volti. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Washa gari upime tena palepale kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 chaji ipo. Ikibaki 12 na inazidi kushuka ukiwasha taa na feni, chaji hakuna. Ikivuka 15, regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, imekufa, nayo itaichemsha betri hata ukinunua mpya leo.

Mzee wa Kimara
Sisi tulikuwa tunachomoa terminali gari likiwaka. Likizima, alternata mbovu. Hakuna haja ya mita.

Umeme Buguruni
Shikamoo mzee. Kwa magari ya zamani yasiyo na kompyuta mliweza. Kwa IST nakuomba sana asifanye hivyo: ukichomoa, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza kontroli boksi, ile kompyuta ya gari. Hasara hiyo inazidi bei ya alternata.

Dada wa Kigamboni
Kabla ya kufungua chochote, angalia mkanda unaozungusha alternata. Kwenye 1NZ mkanda huohuo ndio unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika usiseme utajikongoja hadi nyumbani. Simama hapohapo, injini itachemka.

Halafu waya. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula nati na waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, kimyakimya. Gari likiwaka na taa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye nati kubwa ya nyuma ya alternata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotea njiani na huenda alternata haina kosa. Ncha isiguse bodi, ile nati ina umeme muda wote.

Mdau wa Tabata
Nimepima. Asubuhi 12.1. Likiwaka 11.9, nikiwasha taa 11.6. Nyuma ya alternata ni hivyohivyo. Mkanda mzima, umekaza.

Umeme Buguruni
Basi alternata haizalishi. Mpe kazi fundi wa tatu, lakini simama naye akifungua. Muombe akuonyeshe kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye shafti inayozunguka. Nzima inachomoza vizuri kwenye kishikio chake; iliyoisha imebaki kipande kifupi, springi haina cha kusukuma. Kisha tazama zile ringi mbili za shaba kwenye shafti. Zikiwa laini na kaboni ndizo zimeisha, kaboni mpya huenda zikakutosha, na ni nafuu kuliko njia nyingine zote. Zikiwa na mfereji unaonasa ukucha, kaboni mpya zitaliwa upesi. Hapo nenda kwenye mtumba.

Mpita Jangwani
Mimi napinga kidogo. Kama gari limewahi kupita kwenye maji ya mafuriko, beringi za alternata huenda zimeingia tope. Utabadili kaboni, kesho inalia. Mtumba nzima ni bora.

Umeme Buguruni
Beringi nazo zinabadilishwa wakati imefunguliwa, mkuu. Ya mtumba hujui imetembea kiasi gani. Ukiichukua, idai ipimwe kwenye mashine ya dukani mbele yako, hakikisha plagi na puli, lile gurudumu la mkanda, vinafanana na yako, na mkubaliane muda wa kuirudisha.

Dada wa Kigamboni
Na betri yako iliyoshuka uichaji kwa chaja kabla ya kufunga. Ukiiachia alternata iijaze kutoka chini, unaichosha alternata siku ya kwanza.