Ushauri tafadhali: safari yangu ya kwanza ndefu na gari, niondoke usiku au alfajiri?

Mpole_Tu: Wakuu, heshima zenu. Nina gari wiki ya tatu sasa, otomatiki. Jumamosi nina safari ya kama kilomita 300, mimi, mke na watoto wawili. Shida ni mke, kagoma kupanda, anataka twende na basi. Leseni ninayo, halali kabisa, mtihani nilifaulu. Swali ni moja tu: niondoke usiku barabara ikiwa nyeupe, au alfajiri? Wenye uzoefu tu tafadhali.

Zee_la_Kona: Usiku, mkuu. Unafungulia muziki, unatambaa. Kulipokucha umefika.

Babu_Semi: Usiku barabara haiwi nyeupe, ni macho yako tu hayaoni kilichomo. Nimevuta trela miaka 19. Ukiwa 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22. Mpaka gari lisimame kabisa, lami kavu, tairi nzima, umemaliza mita 50 na ushee. Sasa mbele yako kuna lori bovu lisilo na taa, na taa zako za chini zimelifikia umeshachelewa. Utafanyaje? Alfajiri pia si salama kihivyo, usingizi wa saa kumi na moja nimeuona ukizika watu. Ondoka kumeshapambazuka.

Binti_Usukani: Nyie mnabishana usiku na alfajiri. Mimi nauliza, mke kagoma kwa nini? Mtu hakatai gari la nyumbani akaenda kubanana kwenye basi hivihivi.

Mpole_Tu: Woga tu dada. Si unawajua wanawake na magari.

Binti_Usukani: Mimi mwanamke, na huu mwaka wa 11 niko barabarani. Sema kilichotokea.

Mpole_Tu: Haya. Udereva nilisomea kwenye manual, lile la kukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto kila ukibadili gia, miaka sita iliyopita, na baada ya mtihani sikushika tena usukani mpaka nilipopata hili. Jumapili nakaribia tuta, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi. Klachi haipo, ukakuta breki, nikakandamiza mpaka chini. Gari likafunga palepale. Wa nyuma yangu kidogo atuingie. Mwanangu mdogo wa miaka minne akapaa akagonga paji la uso kwenye kiti cha mama yake. Nundu tu, damu hakuna. Na nilikuwa 40, msije mkasema nakimbiza.

Binti_Usukani: Akapaa vipi? Mkanda? Kiti cha mtoto?

Mpole_Tu: Tulikuwa tunaenda hapo karibu tu. Mikanda ni ya safari ndefu.

Mama_Pacha: Hapo karibu! Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Unadhani wote walikuwa safari ndefu? Baba mzima unamwachia mtoto akae kama mzigo. Mungu amekuonya kwa nundu.

Zee_la_Kona: Mama taratibu, mtu kaja kuomba ushauri. Kwanza wengine tulifundishwa na walimu wa ajabu. Wangu alikuwa anashusha kofia usoni analala. Siku moja nikapita kona vibaya akasema macho yamefumba, "Gia ya tatu hiyo, rudisha ya pili." Alikuwa anasikiliza injini! Mpaka leo siangalii gia, nasikiliza.

Haki_ya_Nani: Wakuu mnapigwa chai na mnakunywa. Mwanzo gari otomatiki, ghafla klachi. Mguu ukanyage breki mpaka mwisho bila mwenyewe kutaka? Kajiunga jana, huu ndio uzi wake wa kwanza. Na kila akibanwa anazaa kipande kipya. Kesho tutaambiwa alikuwa na simu sikioni.

Mpole_Tu: Simu ilikuwa kwenye kishikio. Sikupokea, niliangalia tu nani anapiga.

Haki_ya_Nani: 😂😂 Nilisema mimi.

Babu_Semi: Simu hiyo ni kosa lake jingine. Ila ya mguu si chai, nimeyaona kwa madereva wazoefu wakihamia otomatiki. Klachi unaizamisha yote kwa mkupuo, breki unaipima. Mguu wa kushoto haujawahi kufundishwa kupima. Mpole, ukikaa, urudishe nyuma mpaka kisigino kiguse kiti, ubaki huko. Mafuta na breki ni kazi ya mguu wa kulia peke yake. Tafuta uwanja mtupu na mwalimu, uanze na simama-ondoka mpaka ikuchoshe. Ukirudi barabarani, wa mbele akipita nguzo, hesabu sekunde tatu kabla hujaifikia. Mvua ikinyesha zidisha.

Mpole_Tu: Nimekuelewa mzee wangu, usiku nimefuta. Ila nyumba ya kufikia nimeshalipia na hela hairudi. Mwalimu nitamtafuta nikirudi. Jumamosi naondoka saa moja asubuhi, mguu nitaubana nyuma, watoto nitawafunga.

Binti_Usukani: Yaani ulikuja na jibu lako mfukoni. Mkeo umeshamwambia?

Mpole_Tu: Nimemwonyesha uzi huu jana usiku. Kausoma wote, hakusema neno. Sasa tangu asubuhi natafuta funguo za gari sizioni.