"Gari ni zima, miguu yako ndiyo mifupi": fundi wetu amenidhalilisha leo mbele ya watu

MamaSufuriaKubwa

Wanajukwaa, nawasalimu, ingawa leo sina salamu nzuri. Nimetoka gereji dakika 40 zilizopita, mikono bado inatetemeka, na ninaandika nikiwa ndani ya pikapu yangu kwenye maegesho ya duka, kwa sababu siwezi kuiendesha kupita hapa bila kuhatarisha roho za watu. Fundi sitamtaja wala hakuna haja ya kumtaja. Kila mzungumza Kiswahili anayeishi upande huu wa Dallas anamjua, ameshamwachia ufunguo, na ameshaambiwa "njoo Alhamisi" mpaka Alhamisi zikamwishia kwenye kalenda.

Ameniambia, mbele ya watu saba, kwamba gari ni zima ila miguu yangu ndiyo mifupi.

Naomba mnielewe. Urefu wangu ni sentimita 150. Pikapu hii ya mwaka 2006 niliinunua baada ya kuzunguka miezi mitatu, na niliichagua kwa jambo moja tu: ina pedeli zinazosogezwa kwa swichi. Unabonyeza swichi iliyo karibu na usukani, mota inanguruma, na breki pamoja na pedeli ya mafuta zinakuja kukupokea pale ulipokaa, badala ya wewe kuzifuata huko chini kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Kila Jumamosi ninabeba masufuria ya pilau ya harusi na misiba kwa gari hili, na kwa miaka minne sijawahi kumwaga hata kijiko.

Wiki mbili zilizopita nilibonyeza swichi, mota ikalia vizuri, breki ikaja, na pedeli ya mafuta ikabaki kule kule ilikokuwa. Sasa breki iko karibu na goti langu, na mafuta yako karibu na mpaka wa Oklahoma. Nikitoa mguu kwenye breki naukanyaga upepo. Nikajikunja, nikajivuta, nikaifikisha gari gerejini, nikaeleza neno kwa neno kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Amekaa nayo siku mbili. Amenitoza dola 180 za "uchunguzi". Halafu, nikiwa nimesimama kaunta, mke wa mchungaji wetu akiwa ameketi pale, na kijana niliyemlea mwenyewe tangu akiwa na miezi sita akiwa pale pale, fundi akafuta mikono, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, safari ambayo kwake ilikuwa fupi, akasema: "Mama, gari ni zima. Miguu yako ndiyo mifupi. Kalia mto."

Kisha akaenda kwenye kochi la wageni, akachomoa mto, akanipa. Mto wa kijani, wenye maua mekundu yaliyotariziwa kwa mkono, unaonuka mafuta ya giaboksi kana kwamba umezaliwa ndani ya injini. Akaniwekea mikononi kama anayenikabidhi mtoto. Yule kijana niliyembadilisha nepi akacheka. Alicheka, jamani!

Mtu aliyesomea ufundi anajua kwamba mto unamwinua dereva na kuiacha miguu yake mbali zaidi na pedeli. Anajua pia kwamba nikivuta kiti mbele ili nifikie mafuta, kifua changu kinalala juu ya usukani ambamo mna mfuko wa hewa, wakati NHTSA, idara ya usalama wa barabara kuu hapa Marekani, inashauri kuwe na angalau sentimita 25 kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani. Pedeli hizi zinawasaidia watu wenye kimo changu wasikae wameubusu usukani. Yeye ananipa mto. Dola 180, na mto.

Binti_Korogwe

Pole sana dada yangu. Kabla hujafika kwenye Alhamisi nilishajua ni nani. Hiyo ya kumtazama mtu kuanzia utosini hadi viatuni ndiyo salamu yake kwa wanawake wote. Mimi aliniuliza kama mume wangu anajua kwamba nimekuja na gari.

Simba_wa_I35

Mleta uzi, nakuomba usikasirike, lakini fundi amesema ukweli kwa lugha mbaya. Mtu mwenye sentimita 150 anatafuta nini ndani ya pikapu ambayo kupanda kwake kunahitaji ngazi? Kuna magari madogo mazuri yamejaa mji mzima, na pedeli zake zinafikiwa hata na mwanafunzi wa darasa la tano.

MamaSufuriaKubwa

Ndugu Simba, sufuria langu moja la pilau la watu 150 haliingii kwenye gari dogo hata ukalikata vipande. Nimelinunua gari linalotosha kazi yangu, likiwa na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kimo changu, na kifaa hicho kimeharibika. Hayo tu. Sikwenda gerejini kupimwa miguu. Mtu anapeleka redio iliyokufa, anaambiwa masikio yake ndiyo mabovu? Na wewe hukuwapo alipouchomoa ule mto.

Mzee_wa_Spana

Dada, nimefanya kazi ya magari kwa miaka mingi, na maelezo yako peke yake yanatosha kuonyesha tatizo lilipo. Pedeli za namna hii si kitu kigeni kwa fundi yeyote wa nchi hii. Ford waliziweka kwenye Expedition ya 1999, na miaka michache baadaye zikaenea kwenye pikapu nyingi. Kwa kawaida mota moja huendesha pedeli zote mbili. Kutoka kwenye mota hutoka kebo, yaani waya wa chuma unaozunguka ndani ya ganda la plastiki, mfano wa kebo ya spidomita ya magari ya zamani, na waya huo huzungusha parafujo iliyomo kwenye pedeli, ndipo pedeli inaposogea mbele au nyuma.

Kama ungebonyeza swichi ukakuta kimya kabisa, ningekuambia uanze na fyuzi, kisha swichi yenyewe, kisha plagi ya mota, ukipima kama umeme unafika. Ningekuuliza pia kama ulikuwa umeweka rivasi au umewasha kidhibiti mwendo (kile kinachoshikilia kasi bila mguu kukanyaga mafuta), kwa sababu kwenye Dodge Ram, kwa mfano, mfumo umeundwa makusudi usikubali kusogeza pedeli katika hali hizo, na wapo watu wamenunua mota mpya bure kwa kutolijua hilo. Lakini kwako mota inalia na breki inakuja. Maana yake umeme upo, swichi nzima, mota nzima. Ncha ya kebo inayokwenda kwenye pedeli ya mafuta imechomoka mahali pake, au imelika kingo zake za mraba ikawa inazunguka bila kushika. Zima gari, vuta breki ya mkono, chukua tochi, lala chini ya dashibodi, na umwambie mtu abonyeze swichi wakati wewe unaitazama kebo. Utaiona kwa macho yako.

Ikiwa imechomoka tu, inarudishwa na kubanwa vizuri. Ikiwa imelika, nunua kebo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kabla ya kuunganisha ni lazima pedeli zote mbili zifikishwe kwenye mwisho mmoja wa mwendo wake, la sivyo zitatembea pamoja zikiwa zimepishana siku zote. Na tafadhali usiendeshe katika hali hiyo. Mguu umezoea umbali fulani kati ya breki na mafuta, na umbali huo ukibadilika mtu hukosea kukanyaga.

MamaSufuriaKubwa

Mzee wangu, Mungu akubariki. Maelezo yako nimeyasoma mara tatu, na kila mara machozi yananilenga, kwa sababu ina maana ilikuwa ni tochi na dakika kumi. Alikuwa na gari siku mbili! Hata kuinama hakuinama. Aliinama mara moja tu, kuchomoa mto.

Kaka_Mkubwa_Plano

Dada, wewe umepewa mto, mshukuru Mungu. Mimi swichi ya pedeli ilikuwa imekufa kabisa, nikampelekea huyo huyo. Fyuzi ilikuwa imeungua, akaweka nyingine, ikaungua tena, basi akatafuta kubwa zaidi, akaichomeka na kuniambia "hii haitakusumbua." Kweli haikunisumbua, mpaka jioni moja pakaanza kunuka plastiki chini ya dashibodi nikiwa na watoto watatu nyuma. Nyaya zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Nilipomrudia akasema moshi ulitokana na namna ninavyobonyeza swichi.

Mzee_wa_Spana

Hilo la fyuzi ni kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa. Fyuzi inaungua ili waya usiungue. Ikiungua mara mbili, kuna mota iliyokwama au waya uliochubuka, na hapo hautafutwi ukubwa wa fyuzi bali hutafutwa chanzo.

Binti_Korogwe

Kwangu pedeli ni nzima, ila gari lina kumbukumbu ya madereva wawili, namba moja na namba mbili. Mume wangu ana mita moja na sentimita 90. Nilimwomba huyo fundi anipangie namba mbili iwe yangu. Alizipanga zote mbili kwa kimo cha mume wangu, akasema gari linamtambua mwenye nyumba. Mwaka wa pili huu, kila alfajiri naanza siku kwa kuzivuta pedeli kutoka kwenye bonde.

Simba_wa_I35

Sasa hilo si kosa la fundi, ni la mumeo. Angekuachia namba moja.

Binti_Korogwe

Mume wangu usimwingize. Yeye ndiye aliyelipa.

Mwalimu_Mstaafu_TX

Samahani kwa kuingilia. Nimerudi kusoma maelezo ya mwanzo na kuna jambo linanikosesha amani. Mleta uzi, huo mto wa kijani wenye maua mekundu, je, kwenye kona moja una herufi mbili zilizotariziwa kwa uzi mweupe?

MamaSufuriaKubwa

Ndiyo, mwalimu. Zipo. Niliziona wakati nautazama nisije nikamtazama yeye usoni.

Mwalimu_Mstaafu_TX

Huo ni mto wangu! Ulitariziwa na marehemu mama yangu, Tanga, nikaja nao katika begi nililolishika mkononi safari nzima. Mwaka jana nilimwachia gari kwa ajili ya breki, mto ukiwa kwenye kiti cha nyuma, na gari lilipotoka mto haukuwamo. Aliniapia kwamba hajawahi kuuona. Akaniambia wazee tunasahau.

Kaka_Mkubwa_Plano

Mwalimu, mimi nilipoteza jeki na gurudumu la akiba kwake. Kumbe vitu vyetu vinakaliwa na wageni.

Binti_Korogwe

Jamani, kwenye kochi hilo kuna kanga ya kahawia imetandikwa mgongoni? Mwenye kujua aniambie.

Mwalimu_Mstaafu_TX

Mleta uzi, nakuomba sana unijibu. Uliuchukua ule mto, au uliuacha?

MamaSufuriaKubwa

Niliuacha juu ya kaunta, mwalimu. Anafunga saa kumi na mbili jioni.

Mwalimu_Mstaafu_TX

Nipo njiani.