Naomba ushauri: kupima joto la plazima inayobanwa kwa leza

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu mafuta ya dyuteriamu na tritiamu (aina nzito za hidrojeni) yanayobanwa kwa leza hadi yawe plazima, yaani gesi ya moto sana yenye chembe za umeme (ioni na elektroni), na viini vyake viungane, kama yale ya National Ignition Facility, kituo cha utafiti wa muunganiko wa nyuklia, Marekani, yaliyotoa megajuli 3.15 kwa leza ya megajuli 2.05 Desemba 2022.

Joto la ioni nalikadiria kwa kuangalia nyutroni zinazotoka viini vikiungana zinavyopishana muda wa kufika kwenye kigunduzi. Kinachonitesa ni hiki: plazima ikivurugika, mwendo wake nao hutawanya nishati za nyutroni, basi joto linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Kuweka vigunduzi pande mbalimbali kunasaidia, ila mwendo ulio sawa pande zote haviuoni. Je, nilinganishe na nyutroni zinazotoka dyuteriamu ikiungana na dyuteriamu, au nianze na picha za eksirei? Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie, nimekwama kweli.